Nadeki kila siku ila tailizi zikikauka zina ukungu na mistari imekuwa myeusi, nifanyeje?

Mpangaji_Mpya

Habari zenu wakuu. Naombeni msaada maana hili jambo limenichosha. Nyumba niliyohamia ina tailizi sakafu nzima, sebuleni na koridoni ni zile za kung'aa rangi ya krimu, jikoni na bafuni ni zile zenye mkwaruzo kidogo. Nikideki, sakafu ikiwa bado mbichi inapendeza kweli, ikishakauka tu naona ukungu ukungu mweupe, na ukiinama ukaangalia mwanga wa dirishani unaona michirizi yote ya dekio na nyayo za kila aliyepita peku. Halafu ile mistari ya katikati, kule kwenye kona kusikokanyagwa bado ni kijivu cheupe ila koridoni na mbele ya sinki ni nyeusi tii.

Ninavyofanya: nafagia, nachukua ndoo ya maji, sabuni ya unga ya kufulia konzi moja, jiki kidogo, napiga deki chumba kwa chumba mpaka namaliza. Nisiporidhika kesho yake naongeza sabuni. Jirani kaniambia dawa yake ni tindikali tu, unamwaga, unasugua, unasuuza, inakuwa mpya. Mwingine kasema nipake polishi ya nta nimalize kazi. Sasa nimsikilize nani? Na nyongeza, kuna tailizi moja koridoni ukiikanyaga mlio wake ni tofauti na wenzake, kama chini pana uwazi. Hiyo nayo ni ya kuogopa?

Harakaharaka

Tindikali mkuu usijitese. Nimeshuhudia fundi anasafisha bafu lililoshindikana, dakika chache tu linameta. Vaa glavu basi.

FundiSakafu

Hapo juu naomba tupunguze kasi kidogo. Mi kazi yangu ni kulaza tailizi, na sakafu nyingi ninazoitwa kufumua grauti, yaani kile kijazio cha mistari kati ya tailizi, hazikuharibiwa na uchafu, zimeharibiwa na dawa ya kuondoa uchafu.

Mpangaji, kwanza ujue unachokisafisha. Tailizi ya seramiki ni udongo uliochomwa kwa joto la zaidi ya nyuzi 1000, na juu yake kuna glezi, ambayo kimsingi ni kioo. Kioo hakinywi maji, hakinywi mafuta, hakinywi nta. Kwa hiyo uchafu wowote unaouona juu ya tailizi yenye glezi umekaa juu tu, haujaingia popote, na ndio maana hiyo polishi ya nta sikushauri kabisa, haina pa kuingia, itakaa juu, itanasa vumbi, na siku ikilowa mtu atateleza avunjike nyonga. Ile mistari sasa ndio kinyume chake. Grauti ya kawaida ni saruji, ina vitundu, inafyonza. Na imekaa chini kidogo kuliko tailizi, kwa hiyo maji ya deki yote yanakimbilia huko. Unapodeki nyumba nzima na ndoo moja, kuanzia chumba cha tatu unakuwa huoshi, unagawa matope kwenye mistari.

Tindikali ile kali, hidrokloriki, kioo inakiacha salama ila saruji inaila. Imwage kwenye grauti utaona inachemka povu na utafurahi ukidhani uchafu unatoka, kumbe ni grauti yenyewe inayeyuka. Mara ya kwanza itaonekana nyeupe kwa sababu umeondoa ngozi ya juu, baada ya hapo inakuwa na vitundu vikubwa zaidi na inashika uchafu haraka kuliko mwanzo. Mvuke wake pia unashambulia vyuma vyote vya karibu, bawaba za milango, koki, miguu ya friji, unashangaa kila kitu kinaota kutu wakati hukukigusa.

Na kabla hujanunua dawa yoyote fanya jaribio hili. Chagua tailizi moja yenye ukungu, mwagia maji ya moto matupu, usiweke kitu, sugua na brashi laini. Ukiona povu linaota, hilo ni sabuni yako ya siku zote iliyokaukia pale. Futa, kausha na kitambaa kikavu kabisa, kisha linganisha na tailizi ya jirani yake. Ukungu ukitoka, umeshajua ugonjwa. Usipotoka, weka matone ya siki iliyochanganywa na maji kwenye kipande kidogo katikati ya tailizi, mbali na mistari, subiri dakika moja mbili, futa. Ukitoka hapo ni chokaa ya maji magumu, yaani maji yenye madini mengi, au saruji ya grauti ambayo fundi hakuifuta vizuri siku anamaliza kazi. Ikigoma vyote viwili, kwaruza kidogo na ukingo wa kadi ya plastiki. Ikitoka kama magamba ni nta ya mpangaji aliyepita. Ikigoma hata hapo basi glezi imechakaa, na hiyo hakuna sabuni itakayoirudisha.

siti_wa_nyumbani

Fundi kasema vizuri sana ila mimi niongeze kwenye hiyo konzi ya sabuni maana ndipo tatizo lote lilipo. Jamani sabuni ya unga ya kufulia ni ya kufulia. Imewekwa magadi na chumvi nyingine ambazo kwenye nguo zinaondoka na maji ya kusuuza, sasa we sakafu unaisuuza saa ngapi? Unapaka maji ya sabuni, yanakauka, maji yanaenda zake hewani, sabuni inabaki. Kesho unaongeza nyingine juu. Ule mnato ndio unaoshika nyayo, mtu akipita peku mafuta ya mguu na vumbi vinagandia palepale.

Mpangilio wangu ni huu. Kufagia kwanza na sio kufagia kwa kuridhisha macho, kona zote, chini ya makochi, au mashine ya kufyonza kama unayo, ila zima ile brashi inayozunguka isije ikakwaruza. Mchanga ndio adui namba moja wa tailizi za kung'aa, punje ya mchanga ni ngumu kuliko glezi, ukiiburuta na dekio au kwa kiti unachora. Kwa hiyo kizulia cha kujifutia miguu kiwe nje ya mlango na kingine ndani, hicho kinafanya kazi kubwa kuliko dawa zote za chupa.

Halafu ndoo mbili. Moja ya maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya maji kidogo mno, kifuniko kimoja kwenye ndoo nzima, ile isiyo na asidi wala magadi. Ya pili maji matupu. Chovya dekio kwenye ya sabuni, kamua mpaka lisidondoshe, deki eneo dogo, kisha suuza dekio kwenye ndoo ya maji matupu, kamua, ndio urudi kwenye sabuni. Utaona ndoo ya maji matupu inavyokuwa nyeusi, huo weusi wote ulikuwa unaurudisha sakafuni. Maji yakishabadilika rangi mwaga, usiyaonee huruma. Ukimaliza chumba, pita tena na maji matupu, na kama ni zile za kung'aa malizia na kitambaa kikavu cha maikrofaiba. Hiyo ya mwisho watu wanaiona ni mbwembwe lakini ndiyo inayoondoa michirizi, kwa sababu maji yanayojikaukia yenyewe yanaacha chokaa yake.

Dekio lenyewe ulifue jamani. Likinuka, unapaka harufu nyumba nzima. Na vitambaa vya maikrofaiba msifulie na dawa ya kulainishia nguo, vinaziba na kuacha kufyonza.

Siki mi naweka kikombe kidogo kwenye ndoo mara moja kwa wiki, sakafu yangu iko safi na grauti ipo.

mkemia_mtaani

Nimekuja kwa sababu ya lile neno jiki. Mpangaji, tafadhali sana, na wengine wote mnaosoma. Jiki ni haipokloriti. Ikikutana na asidi, iwe siki, iwe tindikali, iwe dawa ya choo, inatoa gesi ya klorini. Ikikutana na amonia, ambayo imo kwenye baadhi ya dawa za vioo, inatoa kloramini. Zote mbili zinachoma mapafu na bafu dogo lisilo na dirisha linajaa haraka. Wewe unadeki kwa jiki halafu ukafuate ushauri wa jirani umwage tindikali juu ya sakafu ileile kabla haijasuuzwa, hapo ndio unakimbizwa hospitali. Kama unataka kubadilisha dawa, suuza kwa maji mengi, acha ikauke, ndio ujaribu nyingine siku nyingine.

Pia jiki kwa kazi unayoitumia haikusaidii sana. Inafifisha rangi ya uchafu na kuua fangasi, ila mafuta haiondoi. Ukiiweka kwenye maji ya moto inapoteza nguvu hata kabla hujaanza kazi. Na kama grauti ni ya rangi, jiki ya kila siku itaififisha iwe madoa madoa. Iache kwa ajili ya ukungu wa fangasi bafuni, peke yake, maji baridi, dirisha wazi, na suuza.

Kwa ile mistari myeusi dawa ni pakaboneti ya sodiamu, ule unga mweupe wa kuondoa madoa ya nguo unaoandikwa kwamba unatumia oksijeni. Ukiyeyuka kwenye maji ya moto unagawanyika kuwa haidrojeni peroksaidi na magadi. Peroksaidi inavunja rangi ya uchafu, magadi yanashughulikia mafuta, na vyote havili saruji. Mwagia kwenye mistari iloane kabisa, acha dakika kumi na tano hadi ishirini bila kukauka, sugua na brashi ya nailoni nyembamba, kisha nyonya maji machafu na kitambaa au mashine, usiyaache yakaukie hapohapo maana yatarudi kwenye mistari. Halafu suuza mara mbili. Mchanganyiko uliobaki mwaga, usiufungie kwenye chupa, unaendelea kutoa gesi na chupa itapasuka. Glavu muhimu, unakausha ngozi vibaya.

Dada Siti, kuhusu siki nakubishia kwa heshima. Siki ya kawaida ni asidi asetiki asilimia 4 mpaka 5. Ukiichanganya kwenye ndoo nzima inakuwa dhaifu, sawa, lakini saruji haina uwezo wa kujiponya, kila wiki inaondoka chembe. Miaka ikipita unaona grauti imekuwa kama msasa. Na mwenye sakafu ya marumaru halisi au terazo akisoma ushauri wako akaenda kufanya hivyo, mng'ao wake anauaga sikuhiyohiyo.

siti_wa_nyumbani

Sawa mkemia marumaru sikuisema, hapa tunaongelea seramiki. Ila we nawe ungesema na maji yetu wengine ni magumu, usipoweka kitu cha kuondoa chokaa sakafu inakuwa nyeupe kama imepakwa unga. Nifanyeje, niiangalie?

mkemia_mtaani

Haha hapana usiiangalie. Chokaa ikishakuwepo asidi dhaifu inahitajika, hilo sibishi. Nachosema isiwe ratiba. Itumie pale unapoiona chokaa, lowesha mistari kwa maji matupu kwanza ili ile saruji iwe imeshashiba maji isifyonze siki, fanya haraka, suuza. Na ukikausha na kitambaa kila ukideki hiyo chokaa haitapata nafasi ya kujenga. Maji magumu yana tabia nyingine pia, yakikutana na sabuni za mche zilizotengenezwa kwa mafuta yanatengeneza utando wa kijivu usiotoka kwa maji. Sabuni za maji za kisasa nyingi hazina hiyo shida. Kwa hiyo wenye maji magumu msideki kwa sabuni ya mche.

FundiSakafu

Hapa niko katikati yenu. Mimi mwenyewe nikimaliza kulaza tailizi mpya na kuna ukungu wa saruji natumia asidi, ila ni sulfamiki, ambayo ni unga, haina mvuke ule mkali, na naitumia baada ya grauti kukomaa, sio kesho yake. Nalowesha mistari kwanza kama mkemia alivyosema. Ni kazi ya mara moja kwenye maisha ya sakafu. Atakayekuuzia dawa ya asidi ya kudekia kila wiki anakuuzia na grauti mpya bila wewe kujua.

Na kuna dawa moja ya kutoa kutu ambayo ndani yake ina asidi ya hidrofloriki. Hiyo ndiyo inayokula kioo chenyewe, glezi inakuwa na vumbi la kudumu, na kwa mwili wa binadamu ni hatari kupita tindikali zote tulizotaja. Soma kibandiko. Ukiona hilo jina rudisha rafuni.

Mpangaji_Mpya

Wakuu nimerudi na majibu. Nimefanya jaribio la fundi. Sebuleni, maji ya moto matupu na brashi, povu limeota jingi kama nimeweka sabuni sasa hivi na sikuweka chochote! Nimekausha, ile tailizi ikawa inaakisi taa vizuri na ya jirani yake imefifia. Nimepiga eneo zima kwa maji ya moto na maji matupu kurudia rudia, ukungu umeondoka karibu wote.

Jikoni hali ni nyingine, mbele ya jiko kuna utando wa njano unaonata, maji ya moto yameulainisha ila haujatoka. Koridoni mistari nimeweka ule unga wa oksijeni, mingine imerudi kijivu kabisa, mingine imebaki na weusi na sehemu moja grauti imemeguka kama chengachenga ukigusa na kucha. Sasa hapo napaka grauti mpya juu? Na nimesikia kuna kitu cha kupaka mistari isifyonze tena.

siti_wa_nyumbani

Hongera! Huo utando wa njano ni mafuta ya kupikia yaliyorukia sakafuni yakakaa muda. Weka sabuni ya kuoshea vyombo kidogo kwenye maji ya moto, mwagia, acha ilowane dakika kumi, sugua kwa brashi ya nailoni maana tailizi za mkwaruzo zinaficha mafuta kwenye vishimo ambavyo dekio halifiki. Suuza vizuri. Usichukue stilwaya, tafadhali, inaacha vipande vidogo vya chuma vinaota kutu kwenye mistari halafu unarudi hapa kuuliza madoa ya kahawia yametoka wapi.

FundiSakafu

Grauti iliyomeguka huwezi kupaka mpya juu yake. Watu wanafanya hivyo, inakaa vizuri kidogo halafu inabanduka kama ganda. Kwangua ya zamani mpaka angalau nusu ya kina cha tailizi, theluthi mbili ikiwezekana, kuna kisu chake cha mkono chenye meno, taratibu usipige pembe za tailizi. Fyonza vumbi lote, nyunyiza maji kidogo mistari iwe na unyevu bila kuwa na maji yaliyosimama, ndio ujaze. Mistari iliyo chini ya milimita 3 tumia grauti isiyo na mchanga, mipana zaidi tumia yenye mchanga, vinginevyo itapasuka. Na usiikoroge na maji mengi ili iwe laini kushindilia. Maji yakizidi inakauka na rangi ya mabaka na inakuwa dhaifu, hapo ndipo nyingi zinapoanzia kumeguka. Sponji la kufutia likamuliwe sana kwa sababu hiyohiyo. Pale sakafu inapokutana na ukuta, na kuzunguka beseni la bafu, usijaze grauti, weka silikoni. Pale panacheza.

Kitu unachosema kinaitwa sila. Ni kwa ajili ya grauti ya saruji tu. Tailizi yenye glezi haihitaji na hainywi, na grauti ya epoksi, ile ya gundi ngumu isiyofyonza, pia haihitaji. Jaribio lake rahisi, dondosha tone la maji kwenye mstari mkavu, likikaa juu kama ushanga upo salama, likizama na mstari ukawa mweusi hapohapo basi ni wakati wa kupaka. Grauti iwe safi na imekauka kabisa, mpya iachwe siku kadhaa kama maelezo ya mfuko yanavyosema. Paka kwa brashi ndogo kwenye mistari, na ile iliyomwagikia juu ya tailizi ifute kabla haijakauka. Ukiiacha utarudi hapa na ukungu mwingine mgumu kuliko wa sabuni. Ukipaka usidhani umemaliza maisha, inachakaa, rudia lile jaribio la tone mara mojamoja.

Ile iliyobaki na weusi baada ya oksijeni, kama haijameguka, ipo rangi maalumu ya kupaka grauti ambayo inaziba na kubadilisha rangi kwa pamoja. Kwa korido mimi ningechagua kijivu cha kati. Mistari myeupe koridoni ni urembo wa kwenye picha.

kijana_wa_gorofani

Samahani kuingilia uzi wa mtu. Mi nina alama za kijivu kama penseli kwenye tailizi nyeupe, baada ya kuburuta jokofu. Zimechorwa moja kwa moja? Na chini ya miguu ya meza ya chuma kuna duara la kutu.

mkemia_mtaani

Za jokofu uwezekano mkubwa hazijachorwa. Glezi ni ngumu kuliko chuma cha kawaida, kwa hiyo chuma ndicho kilichochubuka kikaacha rangi yake juu. Pitisha kucha, usiposikia mfereji ni chuma kimebaki juu. Krimu laini ya kusugulia sinki na kitambaa kilicholowa zinaondoa, jaribu kwanza pembeni pasipoonekana. Ukisikia mfereji hiyo ni mkwaruzo wa kweli. Kutu tumia asidi ya sitriki au oksaliki iliyoyeyushwa kwenye maji, weka juu ya doa tu na sio kwenye mistari, dakika chache, suuza. Hiyo ya pili ni sumu ukiimeza, mbali na watoto. Na chini ya hiyo miguu ya meza gundisha vipande vya feltu au mpira.

FundiSakafu

Mpangaji sijakusahau kuhusu tailizi inayolia. Mlio wa uwazi maana yake gundi haikugusa sehemu yote ya chini. Viwango vya Marekani vinataka gundi ishike angalau asilimia 80 ya tailizi kwenye sehemu kavu za ndani na 95 kwenye sehemu zenye maji, sasa kuna mafundi wanaweka madonge matano, manne pembeni na moja katikati, wanagonga inakaa sawa, wanaondoka. Katikati ya madonge ni hewa. Siku kitu kizito kikianguka hapo inapasuka.

Lakini moja tu kulia sio sababu ya kuvunja. Chukua sarafu, gonga tailizi zote za karibu, weka alama na chaki zinazolia. Kama ni hiyo peke yake, haichezi ukiikanyaga, grauti yake haijapasuka pembeni, iache, usiweke kabati juu yake basi. Kama zimefuatana mstari mzima na unaona zimeanza kunyanyuka kidogo, hapo sakafu imekosa nafasi ya kutanuka, mara nyingi fundi alibana tailizi mpaka ukutani bila kuacha mwanya, na siku moja utasikia mlio mkubwa na tailizi mbili zimesimama kama paa. Hiyo mwambie mwenye nyumba mapema, kwa maandishi, usije ukaambiwa wewe ndiye uliyevunja.

Na kama kuna unga mweupe unatoka kwenye mistari ya eneo hilo, ukifuta unarudi, niambie. Hiyo ni chumvi inayopandishwa na maji kutoka chini, na hakuna deki itakayoimaliza mpaka ijulikane maji yanatoka wapi.

Mpangaji_Mpya

Nimegonga. Ni hiyo na ya pembeni yake, mbili tu, hazichezi na unga mweupe hakuna. Grauti kati yake ndiyo ile iliyomeguka. Nitakwangua hapo kwanza. Mwenye nyumba nimemuuliza kama kuna tailizi zilizobaki kasema boksi moja lipo stoo.

FundiSakafu

Basi una bahati, wengi hawabakizi hata moja na kiwanda kikibadilisha rangi kidogo tu haipatikani tena. Hilo boksi lisihamishwe. Siku tailizi hizo mbili zikipasuka, kwangua grauti kuzunguka kwanza, uanze kuvunja kutoka katikati kwenda pembeni, sio pembeni kuja katikati maana utavunja na za jirani. Vaa miwani, vipande vyake vinakata.

Harakaharaka

Mi bado nina chupa ya tindikali hapa ndani, sasa naipeleka wapi?

mkemia_mtaani

Usimwage kwenye sinki wala chooni. Iache kwenye chupa yake ya asili yenye kibandiko, mfuniko umekazwa, isikae kabati moja na jiki, na ulizia halmashauri yenu wanapopokea taka za kemikali.